Tathmini: Fomu ya ATF ya kumbukumbu za silaha, na ilivyonisaidia kuipata shotigani iliyoibwa

Ninachokitathmini hapa hakiuzwi dukani. Ni karatasi inayotolewa bure na ATF, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia silaha, pombe, tumbaku na vilipuzi. Ni chapisho namba P 3312.8, lenye jina la Personal Firearms Record, na mtu yeyote anaweza kulipakua katika tovuti ya idara hiyo, akalichapa na kulijaza kwa kalamu. Ninawaandikia wasemaji wa Kiswahili wenzangu tunaoishi Marekani, ambao baadhi yetu tunaweka bastola ya ulinzi nyumbani au shotigani ya kuwindia, kwa sababu nyumba yetu hapa Texas ilipovunjwa na shotigani yangu kuchukuliwa, karatasi hiyo ndiyo iliyowezesha ijulikane kuwa ni yangu na inirudie.

Kwanza lazima nieleze kwa nini karatasi ya kawaida namna hii ina uzito. Sisi tuliotoka Tanzania au Kenya tumezoea kwamba silaha haimilikiwi bila kibali, na kwamba mwenye silaha anajulikana kwa polisi. Kwa bunduki za kawaida, Marekani haina rejesta ya taifa, na sheria ya mwaka 1986 inaikataza serikali kuu kuianzisha kutokana na kumbukumbu za wauza silaha. Anayenunua dukani hujaza Fomu 4473, lakini fomu hiyo hubaki kwa mwenye duka. Silaha ikikamatwa katika uhalifu, kituo cha ATF kilichoko Martinsburg, West Virginia, huifuatilia kuanzia kwa mtengenezaji, kwenda kwa msambazaji, kisha kwenye duka, na kwa kawaida safari hiyo huishia kwa mnunuzi wa kwanza. Mimi niliinunua shotigani yangu kwa mfanyakazi mwenzangu, biashara ambayo Texas inairuhusu baina ya wakazi wake bila kupitia dukani. Kwa hiyo hata ufuatiliaji uliofanywa kwa umakini mkubwa usingefika kwenye jina langu.

Hapo ndipo fomu hii inapoonyesha thamani yake. Imepangwa kama jedwali, na inamtaka mmiliki aandike mtengenezaji, modeli, aina ya silaha, kaliba (ukubwa wa tundu la mtutu), namba iliyochongwa kwenye silaha, na maelezo ya mahali na tarehe aliyoipata. Muhimu kuliko vyote ni namba, na ninamsihi kila msomaji ainakili kutoka kwenye chuma chenyewe wala si kutoka kwenye boksi au risiti. Katika shotigani za Remington 870 na Mossberg 500 utaikuta ubavuni mwa mwili wa bunduki, upande wa kushoto. Katika bastola za Glock iko kwenye kibati kidogo cha chuma chini ya fremu. Herufi zinazotangulia au kufuata tarakimu ni sehemu ya namba, na ukiiacha moja umeandika namba ya silaha nyingine. Bunduki ndefu za zamani, zilizotengenezwa kabla ya sheria ya mwaka 1968, huenda zisiwe na namba kabisa. Kwa hizo alama za kipekee kwenye kitako na mtutu ziandikwe kwa urefu na zipigwe picha.

Afisa aliyekuja nyumbani baada ya wizi aliuliza namba kabla ya kuuliza jambo jingine lolote kuhusu bunduki. Nilimpa karatasi, akainakili, nikapewa namba ya ripoti, ambayo kazi yake ni kama ile RB tunayopewa vituoni kwetu. Taarifa ikaingizwa katika NCIC, kanzidata ya FBI iliyoanza kazi mwaka 1967 na inayotumiwa na polisi wa nchi nzima. Bila namba, polisi wa mji mwingine wakiikuta bunduki ndani ya gari hawana cha kulinganisha. Ndivyo ilivyotokea kwangu: ilikutwa katika gari lililosimamishwa barabarani, mbali na kwetu, namba ikasomwa, na kanzidata ikajibu kwamba imeibwa.

Texas haimlazimishi raia kutoa taarifa ya silaha iliyoibwa, lakini California inataka taarifa ndani ya siku 5 na Connecticut ndani ya saa 72. Mimi ninaona taarifa itolewe siku hiyohiyo popote ulipo, maana silaha iliyo mikononi mwa mwizi inaweza kumuua mtu.

Kupatikana hakukuwa sawa na kurudishiwa. Bunduki ilishikiliwa kama kielelezo mpaka kesi ilipokwisha, na kabla ya kukabidhiwa niliombwa kitambulisho, namba ya ripoti na uthibitisho wa umiliki, kisha rekodi yangu ya jinai ikakaguliwa. Wenzetu wasio raia wajiandae kuonyesha hati zao za ukaazi. Ofisi ya kuhifadhi vielelezo ilikuwa na taratibu nzito na simu zisizopokelewa, lakini karatasi yangu, pamoja na ujumbe wa simu wa aliyeniuzia, ilikubaliwa bila ubishi. Suala la bima nalo litazamwe mapema: sera nyingi za nyumba huweka kikomo maalumu kwa silaha zilizoibwa, mara nyingi dola 2,500, na kampuni ikishakulipa fidia, bunduki ikipatikana inaweza kuwa mali yake.

Fomu ina upungufu. Nafasi zake ni finyu kwa mtu mwenye mwandiko mkubwa, na haitoshi peke yake bila picha za namba, za silaha nzima na za makubaliano ya mauzo. Isitoshe, karatasi iliyowekwa ndani ya kasiki pamoja na bunduki itaondoka na kasiki hiyohiyo. Nakala iwekwe kwa ndugu unayemwamini au mahali pengine nje ya nyumba. Pamoja na hayo ninaipa alama za juu kabisa, kwa kuwa sijaona kifaa cha kulipia kinachofanya kazi hii vizuri zaidi.

Siku ya kuichukua silaha, muulize afisa kama kituo kilichoingiza taarifa ya wizi kimeshaifuta katika NCIC, na uombe uthibitisho wa maandishi. Taarifa isipofutwa, polisi atakayekusimamisha ukiwa njiani kwenda kuwinda ataambiwa kwamba bunduki uliyobeba imeibwa.