Kathakali ya Fort Kochi: ukikosa mapambo, umekosa nusu ya mchezo

Korosho ndizo zilizonipeleka Kerala, jimbo la kusini mwa India. Ghafi nyingi za kusini kwetu huishia India, na Kollam ni mji wa kubangua tangu zamani. Nilikuwa huko kufuatilia mzigo wa bosi. Jumapili haina kazi, nikapanda treni hadi Ernakulam, nikavuka kwa kivuko hadi Fort Kochi, ule mji wa nyavu za Kichina na harufu ya mafuta ya nazi kila kona. Karibu na gesti niliyofikia palikuwa na tangazo la Kathakali, mchezo wa jadi wa Kerala unaosimulia visa kwa uso, mikono na ngoma, tiketi rupia 500, kama shilingi 15,000 za kwetu. Naandika kwa sababu Waswahili wanaokwenda India kwa matibabu au biashara ni wengi, na jioni za huko hazina pa kuzipeleka.

Tangazo lilisema mchezo saa kumi na mbili, mapambo saa kumi na moja. Mzee mwenye gesti akaniambia nikienda saa kumi na mbili nitakuwa nimetupa nusu ya hela. Nikamsikiliza, na namshukuru mpaka leo.

Nilimkuta mchezaji mmoja amelala chali jukwaani. Fundi amemwinamia, anamjengea ukingo mweupe kuzunguka taya kwa karatasi na uji mzito wa mchele. Wanauita chutti. Yule aliyelala alikuwa anakoroma kabisa. Mwenzake ameshika kioo, anajipaka kijani mwenyewe, taratibu, kama mtu asiye na mgeni. Kijani ni cha mashujaa na wafalme wema. Ravana, mfalme wa mashetani katika visa vya Kihindu, na wa aina yake, wenye ufalme lakini roho mbaya, hupakwa kijani hicho hicho kikakatwa na wekundu uliopinda juu ya mashavu kama masharubu, na kidonge cheupe juu ya pua. Ndevu nyekundu ni za wakatili, nyeupe ni za Hanuman, mungu nyani. Ukishika hayo, hupotei.

Mwisho kabisa mwenye kijani aliingiza kitu kidogo kama mbegu chini ya kope. Nilidhani ni dawa. Kumbe hutolewa kwenye ua la mmea wa jamii ya bilinganya, na kazi yake ni kuyafanya macho yawe mekundu. Akafumba, akazungusha mboni. Alipofumbua, mtoto wa Kizungu aliyekuwa mbele yangu alihamia mapajani kwa mama yake.

Mimi nimekulia Newala, mapiko, ngoma yetu ya vinyago ya Kimakonde, nayajua. Kwetu mchezaji huingiza kichwa ndani ya mti uliochongwa, na sura ile ikishachongwa haibadiliki. Mwili ndio unaosema. Hapa kinyago ni uso wenyewe. Shavu moja linatetemeka, nyusi zinapanda ngazi, na midomo haifunguki kusema hata neno. Wanaoimba hadithi ni wawili, wamesimama nyuma, mmoja na upatu, mwingine na matoazi. Pembeni kuna chenda, ngoma ya kupigwa kwa fimbo, na maddalam ya kupigwa kwa mikono. Kwa Kimalayalam katha ni hadithi na kali ni mchezo, ingawa kwa mlio wa ile chenda hata "kali" ya Kiswahili inakubalika.

Jioni ile walicheza kisa cha shujaa Bhima kutoka Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa Wahindu. Upepo umeleta harufu ya ua msituni, mkewe Draupadi analitaka, Bhima anaingia porini kulitafuta. Draupadi huyo alikuwa mwanamume, kama ilivyo desturi ya tangu zamani, na mikono yake ilikuwa mipana kama ya mvuvi, lakini alipoinamisha shingo nikasahau. Njiani Bhima anamkuta nyani mzee kalala, mkia umekata njia. Anamfokea asogee. Nyani anamwambia ausogeze mwenyewe. Bhima na rungu lake anahangaika, mkia haubanduki. Ukumbi mzima ulicheka, na wengi wetu hatukuwa na lugha moja. Nyani ndiye Hanuman, kaka yake: wote wawili baba yao ni Vayu, mungu wa upepo, ule ule ulioleta harufu.

Kabla ya hapo kulikuwa na kipande ambacho ningekilipia peke yake. Bhima anaona tembo amekamatwa mguu na chatu huku simba akimrukia kichwani. Jukwaani hapakuwa na kitu, ila mtu mmoja na kigoda. Anakuwa tembo, masikio yanapepea kwa viganja, anakuwa chatu, kinywa kinafunguka polepole, anakuwa simba. Kisha anarudi kuwa Bhima anayetazama.

Sasa lawama. Ukumbi ni mdogo na kwa chenda ile masikio yalinivuma hadi usiku. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza tu, herufi za kutafuta kwa tochi. Walioketi mbele waliinua simu juu dakika zote, na hakuna aliyewakemea. Kubwa zaidi, saa moja na nusu ikatimia na mchezo ukakatwa: Bhima hajalifikia ua, taa zikawashwa, tukaambiwa asanteni. Hekaluni kisa huchezwa usiku kucha mbele ya taa kubwa ya shaba inayowaka mafuta ya nazi. Kwa rupia 500 sikutarajia alfajiri, lakini ua ningeliona.

Keti safu ya pili, katikati, na usiangalie miguu, angalia macho. Mimi nikirudi na mzigo wa msimu ujao nitatafuta ya hekaluni, na mchana wake nitalala.