Mrejesho: vifaa vitatu vya kupitisha waya ukutani na darini nilivyotumia nyumbani kwangu

Wakuu naleta mrejesho, nimekaa na hivi vifaa karibu miezi minne kwa hiyo naongelea vitu nimevifanya kwa mikono yangu, kwenye nyumba yangu hapa Tabata.

Kisa kilikuwa intaneti. Ruta iko sebuleni, chumba cha watoto kiko mwisho wa korido na katikati kuna kuta tatu za tofali za bloku, wai-fai ikifika kule imeshachoka, binti yangu anasoma na simu akiwa amesimama mlangoni maana ndani haikamati. Nikaita fundi, akaangalia akasema hapa ni kutindua ukuta toka sebuleni mpaka chumbani, tulaze paipu, tupige plasta upya halafu utafute mtu wa rangi. Na rangi tumepaka mwaka jana tu! Nikamshukuru, kesho yake nikaenda Kariakoo.

Nilianza na utepe wa nailoni, mafundi wengine wanauita fishi, mita 15 kwa elfu 12. Mbele una kaspringi kanakopinda kwenye kona, nyuma una kitundu cha kufungia waya. Nikauingiza kwenye paipu ya zamani ya antena, ile ya milimita 20 inayotoka nyuma ya tivii kwenda darini. Kona ya kwanza ukapita, ya pili ukagoma kabisa, ukisukuma unajikunja humo humo ndani unahisi kama unaenda kumbe hauendi. Shida ni aliyejenga alitumia elbo, kile kiungo cha kona cha dukani, badala ya kukunja paipu kwa springi, ile kona inakuwa kali mno. Nikahangaika kama saa zima, mwisho nikapanda juu ya dari nikausukuma kutokea kule, ukashuka wenyewe mara moja. Tangu siku hiyo sehemu ikigoma silazimishi, nahamia upande wa pili, maana kona iliyo mbali na mkono wako ndo inayosumbua na ukibadili upande inakuwa ya karibu.

Kwa hiyo kwa bei yake nailoni nimeukubali. Haupitishi umeme, hauchubui waya zilizomo, ila paipu yenye kona zaidi ya mbili au iliyoshiba waya usitegemee miujiza.

Cha pili ni tepu ya chuma, mita 20, elfu 45, inakuja imezungushwa kwenye kasha lenye mshikio. Hii ina nguvu, inasukumika mbali bila kujikunja, kupitisha waya wa unene wa 2.5 wa soketi ya jikoni ilinichukua dakika kumi tu. Lakini jamani chuma ni chuma, paipu ikitokea kwenye boksi lenye waya nyingine au kwenye dibii, lile boksi kuu la kugawa umeme wa nyumba, ile ncha ikigusa waya wenye moto ni volti 230 na wewe umeshika mwisho wa pili kwa mkono mtupu. Zima meni swichi, sio swichi ya taa, halafu pima na testa ndo uanze. Mimi siku ya kutumia hii watoto nawatoa kabisa nje na kwenye dibii anakaa mdogo wangu asije mtu akawasha. Nikipiga hesabu ya matumizi ya nyumbani, hii ningeazima tu kwa fundi, sikuwa na haja ya kununua.

Sasa kilichonifurahisha zaidi ya vyote ni fimbo za faiba, yaani fiberglass, sio ile faiba ya intaneti. Ni vipande kumi vya mita moja moja, unaviunganisha kwa kukaza kama skrubu, mbele unafunga ndoano au pete. Juu ya dari la jipsam kuna zile mbao za blandaringi, tepu yoyote ikifika hapo inaangukia katikati ya mbao inapotea, ila fimbo inakaa imenyooka inaelea juu yake. Nilitoa taa ya korido, nikaingiza fimbo kwenye lile tundu, vipande saba vikanifikisha juu ya chumba cha watoto, mdogo wangu akaikamata ncha kwenye tundu la taa la kule, tukafunga kebo ya mtandao ya Cat6 tukavuta. Hakuna tofali lililoguswa. Ubaya wake, unyuzi wa faiba unachoma, nilishika bila glovu nikajikuna siku mbili nzima, na kipande kimoja kile kichwa cha shaba kiling'oka ikabidi nikigandishe kwa gundi. Kabla hujanunua vuta kila kichwa kwa nguvu pale pale dukani, kikichomokea ndani ya dari hukipati tena.

Kwenye kufunga ndo watu wengi wanaharibu. Menya ganda la kebo kama inchi tano, pitisha zile nyaya kwenye kitundu, zikunje, halafu zungushia tepu nyeusi kuanzia kwenye utepe kurudi nyuma ili kichwa kiwe chembamba kama ncha ya mkuki, ukiacha bonge litakwama kwenye elbo ya kwanza. Na kebo ya mtandao vuta kabla hujaikrimpu, yaani kabla hujaibana kichwa chake. HDMI yenyewe inakuja na kichwa chake tayari, kwenye paipu ya milimita 20 haipiti, nimejaribu. Mmoja avute mwingine alishe huku anaongea, "leta, simama, leta", na kila ukivuta ambatanisha na kamba ya nailoni uiache humo, siku nyingine unavutia hiyo. Kebo ya intaneti nayo usiichanganye na waya za umeme paipu moja.

Wiki iliyopita nilitaka kupeleka waya wa kamera getini, paipu ilishafukiwa tangu ujenzi. Nailoni ikagoma, chuma ikagoma, kutokea huku na kutokea getini. Nikaweka alama kwenye tepu pale ilipoishia mdomoni mwa paipu, nikaichomoa nikailaza juu ya ardhi kufuata njia ile ile, ikaishia karibu na karo la kufulia, mita sita na kidogo. Tukachimba hapo hapo futi moja na nusu, tukakuta paipu imepasuka na imejaa zege gumu kama jiwe. Tumekata kipande cha nusu mita tukaunga kipya, na jioni ile ile waya ukafika getini.