Pleya ya santuri ya mtumba kutoka Japani: uzoefu wangu hapa Mbeya

Kama umeziona zile pleya za santuri za mtumba kutoka Japani pale Mwanjelwa na unajiuliza ununue au uache, nunua. Ila kabla hujatoa hela, igeuze mashine usome kibandiko cha nyuma. Usiishie kwenye volti. Tafuta herufi Hz (hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) na namba iliyo kando yake, kwa sababu hapo ndipo mimi niliposumbuka, na wauzaji wengi hawapajui.

Yangu ni ya mkanda, yaani mota huzungusha sahani kwa mkanda wa mpira, ya miaka ya 1970, boksi la mbao, sahani nzito ya aluminiamu. Niliichukua kwa shilingi 280,000 pamoja na transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230 hadi 100. Sindano nzima, mkono wake hauchezi, na besi ya gitaa unaisikia nyuzi kwa nyuzi. Kwa sauti sina la kulalamika.

Shida ilikuwa spidi. Niliweka santuri ya Mbaraka Mwinshehe, akaimba kwa sauti nzito ya kukokota, magitaa yamelegea, utadhani bendi nzima imechoka. Nilimpigia muuzaji. “Kaka, hiyo transfoma ndogo, tafuta kubwa.” Fundi redio naye akasema mota imekwisha. Sikuridhika na majibu hayo. Wimbo huohuo ninao kwenye simu, nikaupima kwenye kinanda cha kwaya: kwenye simu uko G, kwenye pleya umeshuka hadi karibu na E. Nikajaribu santuri nyingine, zote zikashuka kwa kiasi kilekile. Mota mbovu haina nidhamu hiyo. Leo ingeshuka hivi, kesho vile.

Kumbe Japani ina umeme wa aina mbili. Mashariki, upande wa Tokyo, ni hezi 50; magharibi, upande wa Osaka, ni hezi 60. Mota za AC za pleya hizi hufuata hezi, na transfoma hushusha volti tu, hezi inaziacha kama zilivyo. Sisi tuna hezi 50. Kwa hiyo mashine iliyofungwa puli (kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda) ya upande wa Osaka ikifika Mbeya inakwenda kwa tano ya sita ya spidi yake: badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika unapata kama 27.8. Ndiyo zile nusu-toni tatu za kutoka G hadi E.

Kuhakikisha hakuhitaji kifaa chochote. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka santuri na sindano ikiwa juu yake, washa saa ya simu, hesabu. Dakika tatu zikiisha, sahani ya mashine isiyo na tatizo itakuwa imezunguka mara 100. Yangu ilifika 83. Wapo wanaotumia duara la karatasi lenye mistari 180, linaloonekana kusimama palepale chini ya taa ya umeme wa hezi 50 spidi ikiwa sawa. Ni kipimo kizuri, ila taa nyingi za LED za siku hizi hazipepesi kama za zamani, na mistari haionekani vizuri.

Dawa ni puli. Mashine nyingi za namna hii zilitengenezewa puli mbili, ya 50 na ya 60, lakini ya pili huwa imepotea njiani. Mimi nilichongesha nyingine ya shaba kwa fundi wa mashine ya kukerezea vyuma. Hapa kuna kitu cha kumwambia fundi mapema: unene wa mkanda nao unahesabika. Kama kipenyo cha puli pamoja na unene wa mkanda ni milimita 22, kizidishe kwa 1.2 upate 26.4, halafu ndipo utoe unene wa mkanda. Ngazi ya puli ya spidi ya 45 (mizunguko 45 kwa dakika) nayo uifanyie hivyohivyo. Na tundu la katikati liwe katikati kwelikweli. Likikosea kidogo tu, sauti itatetemeka. Kijana alinichongea vizuri sana, nilipohesabu nikapata 100 kamili, na G ikarudi kuwa G.

Mkanda wa zamani ulikuwa umelegea, ukiteleza wakati wa kuwasha. Nilishauriwa nikate mpira wa ndani wa baiskeli. Usifanye hivyo kwa mashine unayoipenda. Mpira ule una sehemu nene na sehemu nyembamba, na kila sehemu nene ikipita kwenye puli noti ndefu inayumba. Agiza mkanda halisi: zungusha uzi pale mkanda unapopita, upime urefu wake, kisha utafute ulio mfupi kidogo ili ukae kwa kuvutika.

Baridi yetu ya Juni na Julai nayo ina lake. Asubuhi mashine ilichelewa kushika spidi, kwa sababu mafuta ya miaka mingi yalikuwa yameganda kwenye ekseli ya sahani. Nilisafisha kwa spiriti, nikatia tone la mafuta ya cherehani, imekwisha.

Sasa iliyobaki ni santuri moja ambayo sauti yake hupanda na kushuka kila mzunguko, karibu kila sekunde mbili. Hiyo si mashine. Tundu la santuri lilitobolewa pembeni kidogo kiwandani. Weka nyingine na yumbayumba inapotea.

Umeme ukikatika, usiifunge kwenye jenereta ndogo. Injini ikizidiwa hezi zinashuka, na mwimbaji anashuka nazo. Mimi husubiri umeme urudi.