TAHADHARI: Magitaa madogo ya "mpingo" yanayouzwa Lindi na Mtwara

Ndugu zangu wa Mtwara, Lindi, Masasi na Nachingwea, hasa wapigaji wa kwaya na wa bendi za harusi, yupo mtu anayejiita fundi wa magitaa ya kizamani, yale madogo yenye kiuno chembamba ambayo shingo huungana na mwili kwenye freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), na mtu huyo ni tapeli. Ameniuzia kwa shilingi 650,000 kitu kisichostahili kuitwa gitaa. Jina lake silitaji kwa kuwa jalada limekwisha kufunguliwa polisi, lakini atakayekutana naye atamtambua kwa maneno yake, maana nimeambiwa huyarudia yale yale kwa kila mteja.

Tulikutana Mikindani, kwenye baraza ya nyumba aliyosema ni ya shemeji yake. Gitaa lilikuwa limeviringishwa ndani ya khanga mpya, naye alilifunua polepole, kwanza kichwa, kisha shingo, kisha tundu la sauti lililozungushiwa nakshi ya vipande vya mbao. Ubao wa vidole ulikuwa mweusi tii na uling'aa. Kabla sijauliza lolote alitoa mfukoni kipande cha mti mweusi kisichozidi kidole gumba, akasema ni baki la ubao ule ule, akaagiza glasi ya maji na kunikabidhi kipande nikitumbukize kwa mkono wangu mwenyewe. Kilizama moja kwa moja. "Mpingo hauelei, kaka," akasema, "ukiona unaelea, ujue umepakwa rangi." Hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu alilosema ni kweli: kiini cha mpingo ni kizito kuliko maji, na sisi tuliokulia Kusini tumelijua jambo hilo tangu utotoni kwa wachongaji wa vinyago. Kile kilichozama kilikuwa mpingo halisi kabisa. Tatizo ni kwamba hakikuwahi kuwa sehemu ya gitaa lile.

Kisha akapiga. Alipiga vizuri, na inanikera kulisema, nyimbo za taratibu za kudonoa kwa vidole, na hakuna hata moja iliyovuka freti ya tatu. Sauti ilitoka nzito na ya chini, nami nikaamini kwamba ndiyo sauti ya magitaa ya zamani yanayosifiwa. Kumbe alikuwa amelegeza nyuzi zote sita ili uso wa gitaa, yaani ubao wake wa mbele, usibebe mzigo wake halisi mbele yangu.

Wanaonicheka wakumbuke kwamba mtu yule hakuwa mbabaishaji wa maneno. Alieleza jinsi Christian Frederick Martin, fundi kutoka Ujerumani, alivyofungua karakana New York mwaka 1833 kabla ya kuhamia Nazareth, Pennsylvania. Jinsi mbavu za ndani (fito zinazoimarisha uso) zilizopangwa kwa umbo la X zilivyoanza kutumika katika miaka ya 1840. Na jinsi magitaa hayo madogo yalivyofungwa nyuzi za utumbo hadi zile za chuma zilipotawala katika miaka ya 1920. Alidai kwamba ndiyo maana yeye huunda kwa umbo la zamani lakini huimarisha mbavu ili zistahimili chuma. Nilihakiki tarehe zote na zilikuwa sahihi. Mtu aliyekueleza kweli nyingi mfululizo kuhusu Marekani, utaanzaje kumshuku kwa jambo moja lililo mapajani mwake? Isitoshe, gitaa lile nililihitaji kwa shughuli ambayo siku yake ilikuwa imekaribia.

Nyumbani nilikaza nyuzi hadi sauti zake za kawaida. Kulipopambazuka, kidaraja, kile kipande cha usoni kinachoshikilia nyuzi, kilikuwa kimebanduka upande wa nyuma kiasi cha kupitisha wembe, uso umevimba nyuma yake na kubonyea mbele yake. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma, ile inayoanza na uzi wa unene wa inchi .012, huvuta kwa nguvu ya takribani kilo 70, ilhali za nailoni huvuta kama kilo 40 tu; kwa hiyo gitaa lisilo na mbavu za kutosha huvunjwa na nyuzi zake lenyewe. Nililipeleka kwa seremala wa Chikongola, tukapenyeza kioo kidogo na tochi kwenye tundu la sauti. Umbo la X halikuwapo. Kulikuwa na fito tatu zilizolazwa kukatiza uso, gundi nyeupe imechuruzika kila upande, na chini ya kidaraja hakukuwa na kibao chochote cha kukiimarisha. Uso wenyewe ulikuwa plaiwudi. Seremala alipopitisha msasa mwishoni mwa ubao wa vidole, weusi ulitoka wote, na chini yake ikabaki mbao nyeupe kama ya sanduku la sabuni.

Nilipompigia simu alijibu bila haya kwamba weupe huo ni sehemu ya nje ya mti wa mpingo. Ni kweli mpingo una tabaka jeupe karibu na gome, lakini tabaka hilo halikai chini ya weusi mwembamba kuliko karatasi. Akageukia unyevu wa bahari ya Mtwara. Unyevu huvimbisha mbao, hauhamishi freti. Nilipima kwa rula: kutoka mfupa wa kichwani (pale nyuzi zinapoegemea mwisho wa shingo) hadi freti ya 12 ni milimita 316, na kutoka hapo hadi mfupa wa kidaraja ni 307, wakati vipimo hivyo vinapaswa kukaribia kulingana, huku upande wa kidaraja ukizidi kwa milimita mbili au tatu. Gitaa hilo halingeweza kulingana sauti hata lingepelekwa jangwani, na ndiyo maana alipopiga hakuvuka freti ya tatu. Nilipomtajia vipimo alikata simu, na tangu hapo namba yangu ameifungia.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, inatoa kifungo cha hadi miaka 7 kwa anayejipatia mali kwa udanganyifu, na kwa maoni yangu miaka hiyo ni michache. Arudishe fedha, na akishafungwa anyang'anywe na ile randa, asiguse tena mbao ya mtu. Anawaharibia jina mafundi wa kweli wanaotumia miezi kukausha mbao kabla ya kuikata.

Mkikutana naye, nendeni na rula, tochi na msasa wenu. Kipande cha mfukoni mwake kisiwahusu. Kazeni nyuzi hadi sauti zake za kawaida kwa programu ya kupima sauti iliyo kwenye simu yenu, mpige hadi juu ya shingo, na asipokubali gitaa likae limekazwa hadi kesho yake ndipo mlipe, ondokeni.

Nasikia sasa anazunguka Masasi na Nachingwea akingojea fedha za korosho. Waliokwisha kumtumia malipo ya awali wasifute ujumbe wowote. Wachapishe taarifa za miamala na picha alizowatumia, wazipeleke polisi na kuomba ziunganishwe na jalada lililofunguliwa Mtwara, kwa kuwa tukiwa walalamikaji wengi hataweza kudai kwamba gitaa moja liliharibika kwa bahati mbaya.