TAHADHARI: Mbeya kuna risiva za volti 100 zinauzwa kama za umeme wetu

Ndugu zangu wa Mbeya, na ninyi wa Tukuyu, Makambako na Tunduma mnaokuja kufuata mizigo Mwanjelwa, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna muuzaji wa vifaa used anauza risiva za homu thieta (zile mashine zinazopokea sauti na kuendesha spika) zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambako umeme ni volti 100. Wateja anawaambia zinatumia umeme wetu wa volti 230. Mimi amenipiga laki nne na nusu wiki tatu zilizopita, na nusura niunguze nyumba watoto wakiwa wamekaa sebuleni. Jina lake siliandiki kwa sababu nimeshatoa taarifa polisi, ila mchezo wake nauweka wote hapa.

Nilikuwa na sabufa ya kawaida, zile za spika mbili pembeni. Nikataka kupanda daraja, nipate mfumo wa 5.1: spika mbili za mbele, moja ya katikati ambayo ndiyo inabeba maneno ya filamu, mbili za nyuma, na sabufa ya besi. Nikaona tangazo kwenye stetasi ya WhatsApp, risiva na spika zake zote, picha safi. Nikaenda mwenyewe, maana nilishaapa sinunui mbuzi kwenye gunia.

Dukani ilipiga vizuri mno. Ndiyo maana nasema kusikia ikipiga dukani hakutoshi. Waya wa risiva ulikuwa unapita nyuma ya pazia, na huko nyuma kuna kitu kilikuwa kinanguruma taratibu. Nikamuuliza. "Stebilaiza hiyo, kaka, si unajua umeme wetu hautulii?" Nikaridhika. Haikuwa stebilaiza, ilikuwa transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 kwenda 100. Wakati wa kufunga mzigo transfoma ikabaki palepale nyuma ya pazia, mimi nikapewa adapta ya plagi ya elfu tatu, kwa sababu plagi yenyewe ina miguu miwili bapa na soketi zetu ni za matundu matatu. Akaniambia hiyo adapta ndiyo inabadilisha umeme.

Adapta ya plagi haibadilishi umeme. Inabadilisha umbo la miguu tu, volti 230 zinaingia kwenye mashine kama zilivyo.

Nyumbani haikumaliza dakika. Nimechomeka, nimewasha, ikatoa mngurumo mzito kama lori linapanda Mlima Nyoka, halafu harufu ya vanishi inayoungua, halafu moshi mweupe kwenye matundu ya juu. Mke wangu ndiye aliyekimbilia mein swichi. Mimi nilikuwa nimesimama na rimoti mkononi.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Soweto ya Mbeya. Akaigeuza, akaangalia nyuma penye waya wa umeme, akapitisha ukucha kwenye stika iliyoandikwa 220-240V. Ikabanduka yote, karatasi ya kuprinti tu. Chini yake kulikuwa na maandishi yaliyochapwa kwenye bati lenyewe: AC 100V 50/60Hz, pamoja na herufi za Kijapani. Akafungua mfuniko. Mahali pa fyuzi palikuwa na uzi mmoja wa shaba umezungushwa huku na huku. Akanitazama akasema, "Mwanangu, hii haijafa, imeuawa. Na wewe walitaka kukuua nayo."

Hapo ndipo paliponiuma kuliko hela. Fyuzi inatakiwa ife ili mashine na nyumba vipone. Risiva ya volti 100 ukiipa 230, fyuzi yake inakatika mara moja na hasara inaishia karibu na hapo. Aliyeweka ule uzi alijua fyuzi itakatika, akaona bora transfoma ya ndani iungue.

Nilirudi dukani. Akasema umeme wa kwangu ulipanda, niende nikailaumu TANESCO, na kwamba ana fundi wake atanitengenezea kwa laki na ishirini. Yaani anakuuzia ugonjwa halafu anakuuzia na dawa. Risiti yake ni ya kuandika kwa mkono, chini pamegongwa muhuri wa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi".

Basi ukienda kununua risiva au amplifaya used, usianze na kusikiliza. Igeuze kwanza. Soma volti pale waya wa umeme unapoingilia, na pitisha ukucha kwenye kila stika. Ukiona 100V ni ya Japani, ukiona 120V ni ya Marekani. Chache zina kitufe cha kuchagua volti nyuma, hizo hazina shida ukiweka sawasawa. Fuata waya kwa macho mpaka kwenye soketi ya ukutani, na udai ichomekwe moja kwa moja, bila boksi lolote katikati. Si kwamba za Japani ni mbaya, nyingi ni imara sana, lakini lazima ununue na transfoma yake, yenye wati zinazozidi kwa mbali zile zilizoandikwa nyuma ya risiva.

Alinidanganya na kwenye kuunganisha. Nilimwambia TV yangu ina HDMI ARC, nataka waya mmoja tu urudishe sauti kutoka TV kwenda kwenye risiva. Akasema HDMI ni HDMI. Si kweli. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na tundu lake huwa limeandikwa ARC pembeni, kwenye TV na kwenye risiva pia. Risiva ile ni ya zamani kuliko hapo. Kama yako haina ARC, tafuta tundu la optiko, lile la mraba lenye kamlango. Waya wake unapitisha Dolby Digital ya 5.1, yaani sauti ya spika zote. Zile waya nyekundu na nyeupe kutoka kwenye TV zinakupa sauti ya kushoto na kulia tu, hata uwe na spika saba.

Spika za nyuma nazo fundi alizifungua. Ndani kuna kispika kidogo na bonge la zege limegandishwa kwa gundi ili ziwe nzito mkononi. Ukiweza, fungua skrubu moja dukani. Akikataa, ondoka.

Na dai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Kisheria muuzaji lazima aitoe na wewe lazima uidai, na bila hiyo utahangaika kama mimi kuthibitisha ulinunua wapi. Muhuri wa "hairudishwi" haumpi mtu ruhusa ya kukudanganya: Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, na malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ushindani. Yangu nimeyaandika tayari.

Stika ile sikuitupa, nimeibandika kwenye daftari pamoja na ule uzi wa shaba. Kama umenunua risiva used Mwanjelwa mwezi huu au uliopita na hujaiwasha, usiichomeke leo. Igeuze kwanza uikwangue.