Azoksistrobini 250 SC kwenye nyanya: dawa iliyotokana na uyoga wa koni

Asili ya dawa hii ya ukungu iko kwenye misitu ya paini ya Ulaya. Kila majira ya kuchipua huota pale uyoga mdogo wa kahawia, Strobilurus tenacellus, wenye kofia ya sentimita 1 hadi 3 na shina jembamba kama njiti. Ukifukua taratibu, utakuta shina lenye manyoya limeshuka hadi kwenye koni (lile “tunda” gumu linalobeba mbegu za paini) iliyofukiwa. Ili fangasi wengine wasiunyang'anye koni hiyo, uyoga huu hutoa sumu ya kuwazuia. Timm Anke, Wolfgang Steglich na wenzao waliitangaza mwaka 1977 kwa jina la strobilurini. Ile ya asili huharibiwa na jua, hivyo wanakemia wakaunda inayostahimili mwanga. Azoksistrobini iliingia sokoni 1996.

Kwa bakajani tangulia na ubwiri unga ni kinga nzuri sana, lakini ipigwe mapema. Huzima upumuaji wa kuvu, na spora (mbegu ndogo za kuvu) zikikosa nishati hazioti. Majani yakishajaa madoa yenye miduara ndani ya miduara, umechelewa. Hapo afadhali chupa ya azoksistrobini iliyochanganywa na difenokonazoli, dawa ya ukungu ya kundi jingine. Mnyauko bakteria haiugusi kabisa.

Tikisa chupa kwanza, maana dawa hutuama chini. Ikibaki na mabonge, irudishe dukani. Jaza bomba la kupulizia maji safi hadi nusu, mimina kipimo cha lebo, koroga, kisha ongeza maji. Anza na majani ya chini, pande zote mbili, kwa sababu bakajani hurukia hapo na matone ya mvua yanayogonga udongo.

Kosa kubwa ni lile linaloleta usugu, yaani kuvu kutodhurika tena na dawa, na wengi hulifanya wakidhani wamebadilisha dawa. Wakitoka azoksistrobini wananunua piraklostrobini au trifloksistrobini, kumbe zote ni kundi la 11 (dawa za ukungu hupangwa kwa namba kulingana na zinavyofanya kazi) na zinapiga sehemu ileile ya kuvu. Badiliko moja tu la jeni linatosha kuzishinda zote: ubwiri unga wa ngano ulionekana sugu Ujerumani mwaka 1998, miaka 2 tu baada ya dawa kutoka. Soma namba ya kundi kwenye lebo, usiangalie jina la chupa. Usipige kundi la 11 zaidi ya mara 2 mfululizo. Ingiza mankozebu, dawa ya kundi jingine, katikati.

Mabaki ya dawa yasifike kwenye bwawa la samaki. Wenye matufaha pia wachukue tahadhari: aina kama Gala huungua hata kwa dawa iliyopeperushwa na upepo au iliyobaki ndani ya bomba, basi tenga bomba la nyanya peke yake.