Godoro la hewa la mama mkwe, baada ya miezi minne

Mama mkwe wangu alipopooza upande wa kulia tulimhamishia kwetu Ibanda, na mwezi haukuisha kabla hatujaona wekundu juu ya matako yake ambao haukufifia hata ulipobonyezwa kwa kidole. Muuguzi mmoja, jirani yetu, alitueleza kwamba ngozi ilikuwa imebanwa kati ya mfupa na kitanda hadi damu ikakosa njia, na kwamba kidonda huanzia hapo. Ndipo tukanunua kwa dola 90 godoro la hewa lenye pampu, katika duka la vifaa vya hospitali hapa Bukavu.

Godoro hili hutandikwa juu ya lile la kawaida la sponji. Lina safu za mirija ambazo pampu, iliyoning'inizwa miguuni pa kitanda, huzijaza na kuzilegeza kwa zamu kila baada ya dakika 10 hivi, ili pasiwe na sehemu moja ya mwili inayolemewa kutwa nzima. Usiku wa kwanza mama aliuliza ni mnyama gani anayetembea chini yake. Mngurumo wa pampu ni mdogo.

Tatizo ni umeme, na mkaaji wa Bukavu hahitaji kuelezwa. Ukikatika, mirija hunywea taratibu mpaka mgonjwa akajikuta amelalia sponji tupu. Kumbe kwenye mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye pampu hadi godoroni kuna kifuniko kidogo cha kuizuia hewa isitoke, ambacho muuzaji hakututajia. Tulikigundua wiki ya tatu, mwanangu alipokuwa akipangusa vumbi. Pampu yetu imeandikwa wati 7, kwa hiyo betri ya sola yenye inveta huiendesha usiku kucha, ila hizo nazo ni fedha za kupigiwa hesabu mapema.

Muuzaji huyo huyo alitwambia kwamba mgonjwa hatahitaji tena kugeuzwa. Si kweli hata kidogo. Tunamgeuza kila baada ya saa 2 kama zamani, usiku nikipokezana na wifi yangu, na visigino tunavining'iniza kwa mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu. Kwa kuwa plastiki huleta jasho, nilikuwa nimetandika blanketi lililokunjwa; muuguzi aliliondoa, akabakiza kikwembe kimoja, kwani matandiko mazito huizuia hewa kufanya kazi yake. Alinifundisha pia kupitisha kiganja chini ya godoro, usawa wa matako: nikiugusa mfupa, hewa haitoshi, na kitufe cha uzito, kile cha kwenye pampu kinachopanga hewa kulingana na uzito wa mgonjwa, kiongezwe.

Wekundu uliondoka baada ya wiki mbili, na hadi leo hakuna kidonda. Mrija mmoja ulitoboka, tukauziba kwa kiraka cha baiskeli, nao unashika. Ningelinunua tena, lakini safari hii ningetaka liwashwe dukani nusu saa nzima, nami nikiwa nimelilalia.